Rula Juu ya Kioo

Hasira zangu zilianzia kwapani. Si kwapa langu, kwapa la blauzi ya mama.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mama amesimama katikati ya sebule, amevaa blauzi mpya ya kitambaa cha buluu chenye maua meupe, kitambaa alichokificha kabatini tangu mwaka juzi akisubiri siku ya maana. Siku ya maana ndiyo hiyo. Mdogo wangu wa kike alikuwa anajipima kabla ya mtihani wake wa kukata na kushona, na mama akajitolea kitambaa pamoja na mwili. Mbele ilikaa. Mgongo ulikaa. Kola ndiyo usiseme, kama ya dukani. Lakini pale mkono unapoungana na bega palikuwa na shimo ambalo ungepitisha kichwa cha mtu mzima, tena kichwa kimevaa kofia.

"Naona hapa pana upepo kidogo," mama alisema. Mama ni mtu wa kukosoa kwa kunong'ona.

"Hapo hata paka anaingia, anazaa, anatoka," nikasema mimi.

Kawaida nikisema vitu vya namna hiyo, Fundi hunirushia chochote kilicho karibu. Tunamwita Fundi tangu akiwa na miaka tisa, alipopunguza suruali ya mjomba bila kuulizwa, mguu mmoja tu. Siku hiyo hakurusha kitu. Alikaa sakafuni, chaki mkononi, akawa anaitazama ile blauzi kama mtu anayetazama nyumba yake inaungua.

"Kwapa la mama ni inchi nane, nimempima sasa hivi," akasema taratibu. "Nimekata kumi na moja. Na nilipima mara mbili, kaka. Mara mbili!"

Hapo utani ukanikauka mdomoni, maana mtihani ulikuwa Alhamisi.

Chuoni kwao mtihani wa kukata hauna huruma. Asubuhi mwalimu anachomoa kikaratasi kutoka kwenye kopo. Kikaratasi kinasema sketi, au gauni, au suruali, au blauzi, na hicho ndicho darasa zima linakata siku hiyo. Kila mwanafunzi anapewa meza, mkasi na kipande kimoja cha kitambaa. Kimoja tu. Ukikikata vibaya unabeba mkoba wako unakwenda nyumbani, unarudia mwaka. Na kwetu mwaka wa kurudia haukuwepo. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyempeleka Fundi chuo, na siku ya kwanza kabisa alisema mbele yetu sote: "Miaka miwili. Siku moja zaidi, hapana. Akishindwa anakuja dukani kwangu kupima misumari." Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi, na akisema neno amelimwagia zege.

Mwalimu wao wa kukata ni mama mmoja mwembamba, wanafunzi wanamwita Mwalimu Mkasi, na ana sheria mbili. Ya kwanza: mtihanini unaruhusiwa kuingia na chochote cha masomo ulichokiandika wewe mwenyewe. Ya pili: kwenye mchoro, namba marufuku. "Ukiandika namba utakariri namba," huwaambia, "jicho lako libaki bwege." Kwa hiyo wanachora nguo nzima kwa kipimo cha robo, inchi moja ya mwili inakuwa robo inchi ya karatasi. Siku ya kukata unaweka rula ya robo juu ya mchoro wako, unasoma, unahamishia kwenye kitambaa. Mchoro wako ndio kila kitu. Mchoro ukiwa sawa na wewe uko sawa.

Fundi alikuwa na daftari kubwa la michoro, jalada jeusi, mwaka mmoja na nusu wa kazi ya mkono wake. Nasema alikuwa nalo.

"Hebu nionyeshe ulivyopima," nikamwambia.

Akavuta tableti.

*

Sasa ngoja niwaambie ile tableti ilivyoingia nyumbani, na nitasema yote, hata yanayonihusu.

Wiki nne kabla ya hapo, Jumapili mchana, mjomba alikuja amebeba boksi kwapani na uso wa mtu aliyegundua moto. Alikuwa amehudhuria semina ya wafanyabiashara, na kule mtoa mada hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na kishikwambi. Mjomba hakusema tableti hata siku moja, alisema kishikwambi, kwa kituo, kama anataja cheo.

"Watu wa maana hawaandiki tena kwenye makaratasi," akatangaza. "Kuanzia kesho huyu mtoto anaandikia masomo yake humu."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mjomba. Ila michoro yangu..."

"Itaingia yote humu."

"Sisi tunapima, mjomba, tunaweka rula..."

"Itaingia yote humu, mwanangu. Ndani ya hiki unaweza kuweka maktaba nzima, sembuse sketi zako."

Mama akaona mambo yanataka kuwa magumu, akafanya anachofanya siku zote, akamtafuta mtu wa katikati. "Tumuulize huyu," akaninyooshea kidole. "Si ndiye aliyekaa chuo kikuu?"

Na mjomba akanigeukia. Huyu ni mtu ambaye tangu nilipoiacha shahada ya takwimu mwaka wa tatu alikuwa ananiita Profesa, kwa sauti ile ambayo unajua kabisa hakuna heshima ndani yake. Siku hiyo akasema, "Haya, msomi. Tuambie wewe. Hiki kinafaa kuandikia masomo au hakifai?"

Msomi.

Mimi natengeneza simu. Nina kibanda, nina koleo ndogo, nina foleni ya watu waliosahau namba zao za siri. Miaka miwili na nusu hakuna binadamu aliyewahi kuniuliza ninafikiri nini kuhusu jambo lolote, isipokuwa kama kioo kilichopasuka kinaweza kuungwa na gundi. Nikaisikia ile "msomi" ikinipanda mgongoni kama maji ya moto. Nikakohoa. Nikavaa uso wa mhadhiri wangu wa zamani, yule aliyekuwa akiangalia dari. Nikaigeuza tableti mbele nyuma, nikaipima uzito kwa kiganja, nikapuliza kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Kinafaa," nikasema. "Tena kinafaa sana. Utafiti unaonyesha hivyo."

Utafiti gani? Wa nani? Sikuwahi kusoma hata mstari mmoja. Na kichwani, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza mchezo gani wa mpira utachezeka vizuri kwenye kioo kikubwa namna ile.

Fundi akanitazama. "Wewe umekijaribu?"

"Haina haja," nikasema. Mtu aliyesomea takwimu! Jambo la kwanza kabisa wanalokufundisha ni kwamba bila kujaribu huna cha kusema. Sampuli yangu ilikuwa sifuri, na nikaitolea hukumu.

Mjomba akapiga makofi mara moja, biashara imeisha. Akampa Fundi nusu saa apige picha kurasa za daftari, halafu akalichukua, akaliweka chini ya mkono. "Hili naondoka nalo. Nikikuachia utarudi huku huku. Siku ukimaliza chuo utalikuta."

Fundi alisimama mlangoni akiliangalia linapanda gari. Mimi nilikuwa tayari natafuta ule mchezo.

*

Basi Jumamosi ile, sebuleni, akaifungua tableti kwenye mchoro wa kwapa, somo la wiki tatu nyuma. Mchoro ulikuwa umetetemeka kidogo, ameuchora kwa kidole, lakini ulieleweka. Akaiweka rula ya robo juu ya kioo. Rula ikateleza. Akaishikilia, kidole gumba upande huu, cha shahada upande ule.

Na mchoro ukavimba.

Pale pale, mbele ya macho yetu, kimya kimya. Vidole viwili viligusa kioo, vikaachana kidogo, kioo kikafanya kazi yake ya kukuza. Kwapa lililokuwa inchi mbili juu ya kioo, yaani nane za mwili, likawa mbili na robo tatu. Zidisha kwa nne, kumi na moja. Alipofuta chaki na kupima mara ya pili, mchoro ulikuwa umeshavimba, kwa hiyo rula ikampa jibu lile lile, akaamini.

Ndiyo maana kola ilikuwa nzuri. Kola aliipima kabla kidole hakijateleza.

Mama akasogea. "Kwa hiyo kosa ni la nani?"

Nikafungua mdomo kusema la mjomba. Nilikuwa tayari nimechemka, nilikuwa nimeshachagua maneno, na mengine hayakuwa ya kusemwa mbele ya mama.

"La kwako," Fundi akasema.

"Mimi? Mimi nimefanya nini?"

"Wewe ulijibu." Alisimama. Fundi ni mfupi, lakini siku hiyo alinifikia. "Yule mzee hajui kitu, kaona kitu kizuri kanunua, sawa. Mama hajui. Wewe ulikuwa unajua kwamba hujui. Na ukajibu! Mimi ndiye ninayeshika rula, mimi ndiye ninayekaa kwenye lile benchi saa sita nzima, mimi ndiye nitakayesimamishwa Alhamisi. Hakuna aliyeniuliza mimi. Aliulizwa mtu anayecheza mpira kwenye kioo."

"Nilikuwa natania tu..."

"Ulikuwa hutanii. Ungekuwa unatania ningejua. Ulikuwa unajisikia."

Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu mpaka kitasa kikalia kle, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi ya kubamiza.

Nilimkasirikia. Huo ndio ukweli. Ukiambiwa kitu cha kweli namna ile, hasira ya kwanza inakwenda kwa aliyekuambia. Ya pili ikaja kwangu, na kwa kuwa siwezi kukaa na hasira ya kujikasirikia hata dakika tano, nikavaa viatu nikampelekea mjomba.

*

Dukani kwa mjomba kulikuwa na wateja watatu na vumbi la saruji hewani. Mjomba mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, miwani kwenye paji la uso, anamhudumia fundi paa mmoja mrefu.

"Mabati ishirini na mbili," fundi paa alikuwa anasema. "Misumari ya paa kilo nne. Halafu mbao mbili kwa nne, kumi na sita."

Mjomba alikuwa anaandika. Nikaangalia anaandika wapi.

Daftari jeusi. Daftari la Fundi. Lilikuwa limetobolewa kwenye kona, limepitishwa kamba ya katani, kamba imefungwa kwenye msumari wa kaunta ili lisiibiwe, na penseli inaning'inia pembeni. Mabati ishirini na mbili yalikuwa yameandikwa juu ya mchoro wa gauni. Kilo nne za misumari zilikuwa zinapita kiunoni.

Sikusalimia. Mimi, niliyefundishwa kumwamkia mjomba hata nikimkuta bafuni, sikusalimia.

"Mjomba, hiki ni nini?"

"Eh, Profesa! Karibu. Nini tena?"

"Hiki. Unachoandikia."

Akaliangalia kama ndiyo kwanza analiona. "Aa. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu. Nikaona zisipotee."

"Hii si ya nyuma. Hili ni gauni!"

"Za nyuma zimeisha."

Fundi paa akacheka. Nikamkata jicho, akaanza kuhesabu mbao zilizoegemea ukutani.

"Mjomba, ulisema watu wa maana hawaandiki kwenye makaratasi. Kishikwambi chako kiko wapi?"

"Hapa? Na vumbi lote hili? Kitaharibika siku moja. Halafu mteja ana haraka, mara anabadilisha, mara anaongeza, wewe unatafuta sijui ubonyeze wapi. Hapa penseli ndiyo..." Akanyamaza. Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Lakini mjomba hajafika alipofika kwa kunyamaza muda mrefu. Akaishusha miwani machoni. "Kwani kuna tatizo gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa sauti ya juu, mikono ikinisaidia: rula, vidole, kuvimba, kwapa la inchi kumi na moja, Alhamisi, kipande kimoja cha kitambaa. Wateja wakaacha kujifanya hawasikii. Nilipofika kwenye daftari nikawa napiga kaunta.

"Umemnyang'anya mtoto macho yake, ukayafunga kamba, unaandikia misumari!"

Mjomba alisubiri nimalize. Halafu akaongea polepole, na ubaya ni kwamba alikuwa sahihi.

"Mimi ni mtu wa saruji," akasema. "Darasani nilitoka mapema. Kwa hiyo niliuliza. Sikuamua peke yangu, nilimuuliza msomi wa nyumba, mbele ya mama yake. Msomi akaniambia kinafaa, tena sana, utafiti unaonyesha. Au si wewe? Sasa leo unanipigia kaunta. Msomi yule amekufa?"

Mizani ya misumari ilikuwa bado inacheza. Ningeweza kumjibu. Nina majibu mengi, ndiyo kazi yangu, watu wanaleta simu wanaondoka wamecheka. Nikaondoa mkono kwenye kaunta.

"Sikukijaribu," nikasema.

"Sikusikii."

"Sikukijaribu! Hakuna utafiti. Sijasoma utafiti wowote. Uliniita msomi nikajibu kama msomi. Nilidanganya."

Fundi paa akasema "Dah!" kwa sauti ya chini.

Mjomba akaipandisha miwani kwenye paji la uso. Nilitegemea acheke, nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. "Ndiyo maana hukumaliza," akasema. Hakulisema kwa ubaya hata. Alilisema kama mtu aliyepata mwishowe kilichokuwa kinamsumbua kwenye hesabu.

Sijui kama nimewahi kukasirika vile maishani. Nikaishika ile kamba ya katani, nikaivuta, haikukatika, nikavuta tena mpaka msumari ukachomoka kaunta pamoja na kibanzi cha ubao. Nikaondoka na daftari, kamba, msumari na penseli, vyote vikiburuzwa nyuma yangu.

"Penseli ni ya duka!" mjomba akaita.

Sikuirudisha.

*

Nililiweka daftari mbele ya mlango wa Fundi, nikagonga, nikarudi nyuma hatua tatu, maana pale chumbani kuna mkasi wa inchi kumi.

Alilikagua akiwa amekaa sakafuni. Ukurasa mmoja mmoja. Gauni limeandikwa mabati. Suruali ina mchoro wa choo cha nje, mlango upande wa kushoto. Sketi imesalimika. Mwili wa nyuma wa blauzi haupo kabisa, umechanwa, mteja mmoja mahali fulani ameondoka nao mfukoni ukiwa na vipimo vya dari.

"Mgongo wamechana," nikasema. "Nikarudi kumnyonga?"

"Tulia." Akachukua karatasi nyeupe. Hakufikiri. Akavuta mstari wa katikati, akashuka, akaingia, akapinda shingo, akateremsha bega, mkono unakwenda kama mtu anayefagia uwanja wake mwenyewe. Dakika nne. Nikaweka rula ya robo kwenye kila upande, na mimi sasa najua kuisoma, nikalinganisha na mgongo wa ile blauzi ya mama. Hakukosea hata nusu inchi.

"Umekumbukaje?"

"Niliuchora." Ni hivyo tu, kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. Kisha uso ukamshuka. "Haya ya zamani mkono unayajua. Ila kwapa, mkono wa blauzi na kola, ya wiki hizi nne, hata nikifumba macho sioni kitu. Nilikuwa nahangaika na kidole. Mwalimu anachora, mimi nafuta, nakuza, napunguza, nabadilisha rangi. Nikiinua kichwa ameshafika kwingine, nampiga picha, najiambia nitaangalia nyumbani."

Hapo nikaona nafasi yangu ya kujikomboa. "Rahisi! Tunatumia uwiano. Tunachukua urefu mmoja tunaoujua, tunauita eksi, halafu..."

"Kaka."

"...tunagawanya kwa..."

"Kaka, nyamaza. Umeshanisaidia mwezi huu."

Nikaiacha eksi. Akaivuta tableti, akabonyezabonyeza, na ghafla chumba kikajaa sauti ya mwanamke mkali: *Nyie wa nyuma, hiyo chaki si pipi. Haya. Kutoka begani shuka nane, weka alama. Ingia ndani moja na nusu. Sasa pinda, pinda kama unapita kona na baiskeli, usipinde kama umeanguka.*

"Ulimrekodi?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliona vidole haviendi na mwendo wake, nikaogopa. Masomo yote yamo." Aliiangalia tableti bila hasira, kwa mara ya kwanza. "Namba hataki tuandike. Lakini kuzisema, anazisema zote."

Basi siku nne zile kazi yangu ikawa kidole. Nilifunga kibanda saa tisa kila siku, nikakaa sakafuni karibu na tableti, yeye mezani na penseli ya duka la mjomba na ufutio.

"Simamisha."

Nasimamisha.

"Rudisha."

Narudisha.

"Umerudisha mbali, mwanamume wewe, hapo bado anagombeza."

Hakuwa amenisamehe. Akitaka maji alimwita mama apite juu yangu. Jumatatu nilijaribu kuiga sauti ya Mwalimu Mkasi, *hiyo chaki si pipi*, ile ile kabisa, na ufutio ukanipata kwenye sikio. Ukweli nilifurahi, nikadhani tumerudi kama zamani. Lakini alikuja kuuokota bila kunitazama.

Jumatano jioni, kabla jua halijazama, michoro yote ilikuwa kwenye karatasi, imeshonwa kwenye daftari kwa uzi wa cherehani.

*

Alhamisi familia zinaruhusiwa kufika saa kumi, wakati wa kuonyesha. Tulisimama kwenye baraza ya chuo, tukichungulia kupitia madirisha makubwa yasiyo na kioo. Mjomba alikuja na koti. Hatukusalimiana, tulitikisiana vichwa kama mafahali wawili waliofungwa kamba fupi.

"Kishikwambi ameingia nacho?" akamuuliza mama.

"Kiko nyumbani," mama akasema.

Kikaratasi cha asubuhi kilisema blauzi yenye mikono na kola. Mama aliposikia alishika nguzo.

Kuonyesha ni hivi: unavaa ulichokata na kushona, unasimama mbele, na Mwalimu Mkasi anasema neno moja. "Inua." Unainua mikono yote miwili juu. Kwapa likikatwa chini sana, blauzi nzima inapanda na mikono yako, tumbo nje, na hakuna cha kujitetea.

Wa tatu kabla ya Fundi aliinua, na pindo likapanda mpaka kwenye mbavu. Hakulia. Alishusha mikono, akaenda kwenye meza yake, akaanza kukunja utepe wa kupimia, polepole, akiuzungusha kidoleni. Mama akageuza uso. Mjomba akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Fundi akaenda mbele. Blauzi ya rangi ya udongo, kola imesimama.

"Inua."

Mikono ikapanda. Mimi nilikuwa naangalia pindo tu, sikuona uso wake wala wa mtu mwingine. Pindo lilisogea unene wa kidole, likasimama. Mwalimu Mkasi akainama, akatazama, akavuta upande, akaachia. Akamzunguka mzima. Akamwambia, "Geuka. Inua tena." Akainua tena. Likasimama pale pale.

"Vua nenda. Umepita."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mjomba akanipiga begani, kwa nguvu zaidi ya furaha inavyohitaji, nikamrudishia kwa kipimo hicho hicho.

Lakini Mwalimu Mkasi hakumwachia Fundi aende. Alikuwa anafungua daftari lake jeusi, anapita kwenye mabati na misumari bila kuuliza, akafika kwenye kurasa zilizoshonwa kwa uzi.

"Wewe si ndiye uliyekuwa na tableti darasani?"

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Mkuu wa chuo anataka wanafunzi wapya wote waanze nazo. Kesho ananiuliza. Nimwambie nini? Zinafaa kuandikia masomo, au hazifai?"

"Mwalimu," mjomba akasema kutoka dirishani, akinyoosha koti, "mimi ndiye niliyekinunua hicho kishikwambi, na kwa uzoefu wangu..."

"Samahani, mwalimu," nikasema mimi, juu ya sauti yake, "hapo suala ni uwiano, maana ukikuza mchoro kwa vidole viwili..."

Fundi akageuka. Alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na sikuwahi kuona hasira iliyopigwa pasi vizuri namna ile.

"Nimeulizwa mimi," akasema.

Darasa zima likatugeukia. Mama akaangalia sakafu, lakini nilimwona anatabasamu.

Fundi akamrudia mwalimu wake, akavuta pumzi. "Kwanza," akasema, "kinasikia vizuri kuliko sisi. Hilo nitaanza nalo. Lakini kuchora..."

Mjomba akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.